Mgonjwa wa Kiharusi Arudipo Nyumbani: Mzigo Huu ni wa Nani?

(Hotuba kwa viongozi wa walei na wawakilishi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo)





Tumekutana kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia kwa jirani, kama si ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mtu ameamka asubuhi akiwa mzima. Kabla ya adhuhuri mkono umelegea, mdomo umekwenda upande, na maneno hayatoki. Amekimbizwa hospitalini. Jumuiya imechanga fedha, imepanga zamu za kupeleka uji wodini, imesali. Baada ya siku kumi au wiki mbili daktari anasema kuwa ameruhusiwa. Gari linakodishwa, vijana wanne wanambeba mgonjwa hadi mlangoni, tunaimba, tunashukuru, tunakunywa chai, kisha kila mtu anarudi kwake.

Hapo ndipo hotuba yetu inapoanzia. Sisi tunaihesabu siku ya kuruhusiwa kuwa mwisho wa ugonjwa, kumbe kwa mgonjwa wa kiharusi, na kwa yule anayemwuguza, ni mwanzo wake. Tunajua kumtazama mgonjwa hospitalini, na tunajua kuzika. Kati ya wodi na kaburi iko njia ndefu, pengine ya miaka mingi, na katika njia hiyo tumekuwa tukiiacha familia moja, na mara nyingi mwanamke mmoja, itembee peke yake. Wazee wetu walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiuona kichwani pa mwingine waudhania mwepesi. Leo tunataka tuupime mzigo huo, na tuulizane ni wa nani.

1. Tuufahamu ugonjwa wenyewe

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Hutokea mshipa wa damu uliomo kichwani unapozibwa na bonge la damu, au unapopasuka na damu kuvujia ndani ya ubongo. Sehemu iliyokosa damu hufa, na kazi iliyokuwa ikiongozwa nayo hudhoofika au hukoma. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndio wenye kazi ya lugha. Ndiyo maana aliyepooza mkono na mguu wa kulia mara nyingi amepotewa na usemi pia. Chanzo kikubwa kuliko vyote ni shinikizo la damu lisilotibiwa, yaani presha. Kisukari, tumbaku na maradhi ya moyo huongeza hatari hiyo.

Wako wanaodhani kuwa huu ni ugonjwa wa matajiri wa nchi za mbali. Sivyo. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kuwa, tofauti za umri zikiisha kusawazishwa, kila mwaka watu wapatao 109 katika kila 100,000 walipatwa na kiharusi huko Hai, na wapatao 316 huko Dar es Salaam. Kiwango hicho cha mjini kilizidi kile cha nchi nyingi zilizoendelea.

Wako pia wanaosema kuwa mgonjwa amelogwa, au kwamba amepitiwa na upepo mbaya. Hatuwadharau wanaosema hivyo, maana ugonjwa unaoangusha ghafula hutia hofu. Lakini tumeona madhara yake. Familia inayotafuta mchawi huacha vidonge vya presha, huuza mbuzi kumlipa mganga, na hugombana na shangazi au jirani wakati ule ule inapomhitaji sana. Mgonjwa anabaki na mkono wake uliopooza, na nyumba imepungukiwa na mali na amani.

2. Kabla ya kutoka wodini: haki ya kufundishwa

Hospitali inapomruhusu mgonjwa humkabidhi mtu karatasi na mfuko wa dawa. Mara nyingi mtu huyo ni mke, binti au mkamwana ambaye maishani mwake hajapata kumgeuza mgonjwa kitandani. Wauguzi wetu ni wachache na kazi yao ni nzito. Hatusemi haya kwa kuwalaumu. Lakini kufundishwa namna ya kumtunza mgonjwa ni sehemu ya matibabu, na familia inayo haki ya kuuliza. Kwa hiyo tunapendekeza kuwa siku moja au mbili kabla ya kutoka, mwakilishi wa jumuiya aende pamoja na ndugu wa mgonjwa, na wapate majibu ya maswali haya:

(a) Je, kiharusi chake ni cha mshipa uliozibwa au uliopasuka? Jibu hili lina uzito, kwa kuwa dawa ya kuzuia damu isigande humfaa mmoja na yaweza kumdhuru mwingine.

(b) Dawa zipi anywe, kwa saa zipi, na kwa muda gani? Zikiisha zapatikana wapi?

(c) Je, anameza salama? Ale chakula cha namna gani?

(d) Tumgeuzeje, tumketisheje, tumsimamisheje? Mwuguzi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo atuonyeshe, kisha sisi wenyewe tufanye mbele yake.

(e) Kama amewekewa mpira wa mkojo, utasafishwaje, na utaondolewa au kubadilishwa lini?

(f) Arudi kliniki lini, na dalili zipi zitufanye tumrudishe mara moja?

Majibu yaandikwe katika daftari, nalo likae kando ya kitanda cha mgonjwa. Kila atakayeshika zamu alisome.

3. Kazi ya kila siku nyumbani

Jambo la kwanza ni kumeza. Wazee walisema, "Mgonjwa haulizwi uji," nao walitufundisha ukarimu. Lakini kwa mgonjwa wa kiharusi yatupasa tuulize. Koo lake laweza kuwa limedhoofika, na kile tunachomlisha kwa upendo kikaingia mapafuni kikamletea nimonia. Tusimmiminie kitu mdomoni akiwa amelala. Aketi wima, apewe kijiko kidogo, na tungoje ameze kabla ya kumpa kingine. Maji na chai mara nyingi humpalia kuliko uji mzito. Akikohoa anapokula, au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, tuache na tutafute ushauri. Akiisha kula abaki ameketi kwa muda wa nusu saa hivi, na kinywa chake kisafishwe. Hata mhudumu wa Ekaristi aulize kwanza; kwa mgonjwa wa namna hii kipande kidogo sana cha hostia chatosha.

La pili ni ngozi. Asiyeweza kujigeuza huota vidonda matakoni, nyongani na visiginoni, na vidonda hivyo vyaweza kumwua aliyeokoka na kiharusi. Ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, awekwe mkavu, na ngozi yake ikaguliwe kila siku. Mahali pakigeuka rangi na rangi hiyo isiondoke, hiyo ni hatari: mgonjwa asilalie hapo tena, wala pasisuguliwe.

La tatu ni mkono uliopooza. Tumewaona vijana wenye nia njema wakimvuta mgonjwa kwa mkono huo ili asimame. Bega lisilo na nguvu huteguka kwa urahisi, na maumivu yake hudumu. Ashikwe kiunoni, akiketi au kulala, mkono uegemezwe juu ya mto. Anapovikwa nguo, uanze mkono dhaifu. Anapovuliwa, uwe wa mwisho.

La nne ni choo. Nyumba zetu nyingi zina choo cha shimo, na mtu aliyepooza mguu hawezi kuchuchumaa. Aibu ya jambo hili imewafanya wengine wakatae kula na kunywa ili wasiwe na haja. Fundi seremala wa parokia aweza kutoboa tundu katika kiti imara na kuweka ndoo chini yake. Aweza kupigilia mti wa kushikia ukutani. Ni kazi ya saa chache, nayo humrudishia mtu heshima yake.

La tano ni mazoezi. Nafuu kubwa mara nyingi hupatikana katika miezi ya kwanza, ingawa hata baadaye mtu aweza kuendelea kupata nafuu. Mgonjwa asiachwe kitandani kutwa nzima kwa kuhurumiwa. Afanye kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, yale aliyofundishwa: kuketi, kusimama, kupiga hatua kati ya miti miwili iliyofungwa uani. Na lile analoweza kulifanya mwenyewe, hata kama ni kufunga kifungo kimoja kwa robo saa, tumwachie alifanye.

La sita ni dawa. Vidonge vya presha haviachwi kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri, maana presha huharibu bila kuuma. Aliyepatwa na kiharusi mara moja yumo katika hatari ya kupatwa tena. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, usemi ukibadilika ghafula, tusingoje kukuche. Twende hospitalini saa ile ile, hata kama dalili zimeanza kuondoka.

4. Aliyepotewa na maneno hajapotewa na utu

Ndugu wapendwa, katika ugonjwa huu liko jambo lililo zito kuliko mguu uliopooza. Baba aliyekuwa akiamua mambo ya nyumba yake, mama aliyekuwa akisema mbele ya mkutano, leo anataka kuomba maji na kinatoka kilio. Wageni wanaingia, wanamtazama, kisha wanamwuliza mkewe, "Anaendeleaje? Anasikia?" Naye anasikia. Wengi waliopoteza usemi wanaelewa mengi yanayosemwa, na wanaumia wanapozungumzwa kana kwamba hawapo.

Tujifunze basi kuzungumza nao. Tuzime redio. Tuketi mbele yake tumtazame. Tuseme sentensi fupi, tuulize maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana, kisha tungoje bila kummalizia maneno. Tusimwinulie sauti kama kiziwi wala kumbembeleza kama mtoto. Katika jumuiya moja mzee ambaye kwa miezi mitatu hakuweza kulitaja jina la mkewe alianza kuimba pamoja na wenzake wimbo wa siku nyingi, maneno yote yakatoka. Waliokuwapo walistaajabu. Waganga wanalijua jambo hili: nyimbo na sala zilizozoeleka tangu utoto huweza kubaki hata pale maneno ya kawaida yamepotea. Kwa hiyo jumuiya inayokwenda kusali kwa mgonjwa na isimsalie tu, bali isali na kuimba pamoja naye.

Tujue pia kuwa huzuni ni sehemu ya ugonjwa huu. Karibu mtu mmoja katika kila watatu waliopatwa na kiharusi huingia katika sonona. Hali chakula, hataki mazoezi, anageukia ukutani. Wengine hulia au kucheka bila sababu kwa kuwa ubongo umejeruhiwa. Tusiseme kuwa amekosa imani. Hali hiyo inatibika, naye apelekwe kwa daktari kama ambavyo angepelekwa kwa homa.

Hapa yatupasa kutaja ovu moja waziwazi. Tumesikia habari za ndugu waliomshika mgonjwa kidole gumba wakakichovya katika wino, shamba likauzwa. Tumesikia za watoto waliogawana ng'ombe baba yao angali hai, na za mke aliyeambiwa arudi kwao. Huo ni wizi. Mtu asiyeweza kusema angali mwenye mali yake, na viongozi wa jumuiya wanaoombwa kushuhudia mauzo ya namna hiyo wakatae, na watoe habari kwa serikali ya kijiji au mtaa na kwa wasaidizi wa kisheria.

5. Anayeuguza naye ni mtu

Ni nani anayeamka kila baada ya saa mbili usiku kumgeuza mgonjwa? Ni nani anayefua mashuka kila alfajiri? Tukiwa wakweli tutakiri kuwa karibu siku zote ni mwanamke. Genge lake limefungwa, shamba lake limeota magugu, mgongo unamwuma, na hajafika kanisani tangu mwezi wa pili. Sisi tunamsifu kwa uvumilivu wake. Sifa zetu hazimpi usingizi. Na pale nguvu zake zinapokwisha, mara nyingi anayeitwa kumsaidia ni msichana anayetolewa shuleni. Tukiruhusu hivyo, kiharusi cha mtu mmoja kimepooza maisha ya watu watatu.

Haki haidai mambo makubwa. Jumuiya yenye familia 12, kila familia ikitoa alasiri moja tu katika wiki mbili, itampatia anayeuguza alasiri sita za kupumzika kila wiki. Akina baba wasijitenge na zamu hizo. Kumwinua mgonjwa kwahitaji nguvu, na kumwosha mwanamume mwenzao si aibu. Msichana aliyetolewa shuleni arudishwe, na zamu yake ishikwe na watu wazima. Na mara moja kwa mwezi mmoja wetu amwulize anayeuguza, faraghani, "Wewe u hali gani?" kisha asikilize mpaka mwisho.

6. Upendo wa familia hautoshi peke yake

Tukisema hayo, mtu aweza kudhani kuwa familia na jumuiya zikifundishwa vizuri, basi wataalamu na serikali wamepumzika. Tusidanganyike. Nchini India ulifanyika utafiti mkubwa katika hospitali 14, wenye wagonjwa 1,250 wa kiharusi. Nusu ya familia zilifundishwa kuwafanyisha wagonjwa wao mazoezi nyumbani; nusu nyingine zilipata huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Baada ya miezi sita hapakuonekana tofauti: katika pande zote mbili, wagonjwa waliokufa au waliobaki wakimtegemea mtu mwingine walikuwa karibu 47 katika kila 100.

Sisi hatusomi hapo kuwa matunzo ya nyumbani ni kazi bure. Anayegeuzwa na kulishwa kwa uangalifu anaepushwa na vidonda na kupaliwa, na hilo ni jambo kubwa. Tunasoma kwamba kazi ya mtaalamu haiwezi kutupwa mabegani mwa mke wa mgonjwa, ikaitwa upendo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anahitajika, na karibu na watu. Mgonjwa asiyeweza kutembea hawezi kupanda basi kwenda mjini mara mbili kwa wiki kwa nauli ya watu wawili.

Kwa hiyo tudai kilicho chetu kwa adabu na bila woga. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mwenye ulemavu kupata huduma za afya na utengemao, na aliyeachwa na kiharusi akiwa na ulemavu yumo ndani yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kuwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Viongozi wa walei waulize katika vikao vya kijiji na kata: Je, wazee wetu wametambuliwa na kuandikishwa? Je, zahanati yetu ina kipimo cha presha kinachofanya kazi na vidonge visivyokatika? Je, mtaalamu wa viungo aweza kufika kwenye kituo cha afya walau siku moja kwa mwezi? Nazo hospitali za Kanisa zijiulize hayo hayo.

Hitimisho

Injili inatusimulia habari za mtu aliyepooza aliyebebwa na watu wanne. Walipoukuta mlango umesongwa na watu hawakumrudisha nyumbani, wala hawakumwachia mmoja wao mzigo. Walipanda juu, wakafungua paa, wakamteremsha wote pamoja.

Tulianza na vijana wanne waliombeba mgonjwa kutoka garini hadi mlangoni. Walifanya vema. Lakini kazi yao haikuishia pale mlangoni, wala yetu haikuishia kwenye kikombe cha chai. Tuliporudi makwetu jioni ile, ndani ya nyumba ile mtu mmoja aliutazama usiku unaokuja na akajiuliza atawezaje. Jibu la swali lake ni sisi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika eneo la jumuiya yetu, ni nyumba zipi zenye mtu aliyepatwa na kiharusi? Mara ya mwisho tulifika lini?

2. Ni nani anayemwuguza? Amepumzika lini? Je, yuko mtoto aliyeacha shule kwa sababu hiyo?

3. Zamu ya jumuiya yetu itaanza siku gani, na nani ataiandika?

4. Ni fundi gani kati yetu awezaye kutengeneza kiti cha choo na miti ya kushikia?

5. Ni wangapi kati yetu, tuliokaa hapa leo, tumepimwa presha mwaka huu?